Kufufua Trekta la Kale: Jinsi ya Kutafuta Vitabu na Vipuri Vyake

Mazungumzo yangu ya leo ni habari za chuma. Katika vijiji vyetu vingi liko trekta la zamani limelala chini ya mwembe au nyuma ya ghala, kuku wamelifanya kiota, na watoto hulipanda wakicheza udereva. Wapitao husema, "Lile limekwisha kufa." Huenda ni kweli, lakini mara nyingi chombo hicho hakikufa, bali kimekosa vitu viwili tu, yaani kitabu chake na vipuri vyake. Nataka kuwaeleza jinsi vitu hivyo vinavyotafutwa, tena kwa utaratibu gani, maana nisipowaeleza utaratibu mtapoteza fedha kama tulivyopoteza sisi.

Jirani na chuo chetu cha ualimu kiko kijiji chenye chama cha wakulima. Chama hicho kilinunua trekta moja kuukuu aina ya Ferguson kutoka kwa mkandarasi aliyemaliza kazi ya barabara. Bei ilikuwa nafuu, kwa kuwa injini haikuwaka. Shabaha ya wanachama ilikuwa njema: walitaka kuvuta tangi la maji kutoka mtoni, na kupeleka mahindi sokoni kabla mvua haijaharibu njia. Akina mama ndio waliotoa sehemu kubwa ya fedha, kwa sababu vichwa vyao ndivyo vilivyobeba maji. Fundi wa kijiji, mzee mmoja mwenye mikono hodari, aliifungua injini akakuta maji yameingia ndani, na pistoni zote nne zimeliwa na kutu. Akasema, "Tuagize pistoni mpya na ringi zake."

Barua ya kuagiza niliiandika mimi, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Niliandika hivi: "Twaomba pistoni nne za trekta la Ferguson, lile la kijivu, la petroli." Muuza duka akatuletea kama tulivyoomba, pistoni nne nzuri zinazong'aa. Siku ya kuzitia watu walikusanyika kama kwenye arusi. Mzee akaitumbukiza ya kwanza, nayo ikacheza ndani ya silinda kama kidole cha mtoto ndani ya pete ya babu yake. Zilikuwa za milimeta 80, na silinda zetu zilikuwa za milimeta 85. Mama mwenyekiti wa chama akanitazama, akasema kwa upole, "Mwalimu, na hayo maji tutayachota kwa nini sasa?" Sikuwa na jibu. Mimi niwapunguziaye wanafunzi alama kwa kutosoma swali vizuri, nilikuwa sikulisoma trekta.

Tazameni kosa langu lilipokuwa. Nilidhani Ferguson la kijivu ni trekta la namna moja. Kumbe sivyo. Trekta hilo, liitwalo TE20, lilianza kuundwa mwaka 1946 katika mji wa Coventry, Uingereza, kwenye kiwanda cha Banner Lane, na kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya magari ya Standard kwa niaba ya Harry Ferguson, mvumbuzi aliyezaliwa Ireland mwaka 1884. Mpaka mwaka 1956 yalikuwa yameundwa zaidi ya matrekta 500,000, nayo yalisambaa duniani. Mwezi wa Januari mwaka 1958 Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia, penye barafu tupu, wakiendesha matrekta ya aina hii yaliyofungwa minyororo ya chuma magurudumuni. Basi si chombo cha kudharauliwa.

Lakini katika miaka hiyo kumi injini yake ilibadilishwa zaidi ya mara moja. Ya kwanza ilikuwa injini ya Kimarekani ya kampuni ya Continental, ambayo silinda yake ina upana wa inchi 3 na 3/16, yaani karibu milimeta 81. Kisha ikaja injini ya Standard yenyewe, ya milimeta 80. Baadaye silinda za injini hiyo zilipanuliwa zikawa milimeta 85. Iko pia ya dizeli, ambayo ni kitu kingine kabisa. Angalieni zile mbili za kwanza: tofauti yao haifiki hata milimeta moja. Jicho haliioni, lakini injini huiona.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kutafuta kitabu wala kipuri, ni kulijua jina kamili la chombo chako. Rangi si ushahidi, maana rangi hununuliwa dukani na kila mwenye trekta hupaka apendavyo. Ushahidi ni kibati cha nambari. Katika trekta letu kibati hicho kilikuwa kimefunikwa na rangi tabaka juu ya tabaka. Aliyekifunua ni mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisugua kwa kitambaa na mafuta ya taa. Akaniita, "Mwalimu, hapa pana herufi." Tukasoma: TE-P20, na nambari ndefu mbele yake.

Herufi hizo zina maana. TE ni la Uingereza; TO ni ndugu yake aliyeundwa Detroit, Marekani, kuanzia mwaka 1948. Mwenye TE akinunua kitabu cha TO atakuta mambo mengi yanafanana na machache hayafanani, na hayo machache ndiyo yatakayomwangusha. Herufi ya A baada ya TE yaonyesha injini ya Standard ya petroli. D ni ya mafuta ya taa ya matrekta. F ni ya dizeli. P ni ya petroli pia, lakini ni trekta la kazi za viwandani na barabarani, si la shamba. T ni la kazi hizo hizo, ila ni la dizeli. Matrekta ya namna hii kwa kawaida yalipewa vitu vya barabarani, kama vile taa na honi. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini letu lilikuwa na vitu ambavyo mafundi wa matrekta ya shamba hawakuvizoea.

Basi chukua daftari, uandike nambari ya kibati, nambari iliyogongwa kwenye injini, na nambari za pampu, kabureta na dainamo, kila moja mahali pake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini jihadhari na jambo moja. Nambari kubwa zilizovimba juu ya chuma, zilizotokea chuma kilipomiminwa katika kalibu, si nambari za kipuri. Hizo ni nambari za kalibu tu, na kalibu moja huweza kutoa vyuma viwili vilivyochongwa tofauti. Ukiagiza kwa nambari hizo huenda ukaletewa kitu kingine.

Jambo la pili ni kitabu. Watu wengi husema "kitabu cha trekta" kana kwamba ni kimoja, lakini viko vitatu. Cha kwanza ni kitabu cha mwendeshaji. Hiki hueleza jinsi ya kuwasha, kutia mafuta na grisi, na kutunza chombo kila siku. Cha pili ni kitabu cha fundi. Hiki hueleza jinsi ya kufungua na kufunga, na hutoa vipimo: nafasi kati ya chuma na chuma, na nguvu ya kukaza nati. Cha tatu ni orodha ya vipuri. Ndani yake kila sehemu imechorwa kana kwamba imelipuliwa na vipande vyake vinaelea hewani kwa utaratibu wake, kila kipande na nambari yake. Fundi akiwa hana orodha hii hukisia. Akiwa nayo huagiza.

Wako waulizao, "Fundi aliyefanya kazi miaka 30 ahitaji kitabu cha nini?" Nitawapa mfano mmoja. Katika injini hii ya Standard, silinda haikutobolewa katika chuma kikuu, bali ni slivu, yaani mfereji wa chuma unaotiwa na kutolewa, na maji ya kupoza huuzunguka. Chini yake hukaa gasketi nyembamba. Slivu ikiisha kutiwa, yapasa ukingo wake wa juu ujitokeze kidogo mno, kiasi cha unene wa karatasi, ili kichwa cha injini kiibane barabara. Ikizama, maji yataingia ndani tena, na kazi yote ni bure. Ikizidi kujitokeza, kichwa hakitakaa sawasawa. Kiasi hicho hakijulikani kwa kidole wala kwa uzee. Kimeandikwa kitabuni.

Je, vitabu hivyo hupatikana wapi, hali trekta lilikoma kuundwa mwaka 1956, na kiwanda cha Banner Lane nacho kilifungwa mwaka 2002? Anza karibu. Waulize mafundi wastaafu, makarani wa mashamba makubwa ya zamani, na karakana za vyuo vya kilimo. Sisi tulipata nusu ya orodha ya vipuri katika sanduku la fundi mmoja aliyestaafu. Nusu ya pili ilikuwa imeliwa na mchwa. Pili, jueni ya kuwa vitabu vya matrekta mashuhuri hupigwa chapa upya na kuuzwa, tena nakala zake hupatikana katika intaneti. Mtu mwenye simu nzuri aweza kuitafuta nakala na kuipeleka kwenye duka la kuchapisha. Tatu, tafuta kwa jina la mrithi. Kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na mwaka 1958 jina likawa Massey Ferguson. Kwa hiyo kitabu kilichokosekana kwa jina la zamani huenda kikapatikana kwa jina jipya. Ukipata kitabu, kabla ya kulipa, soma ukurasa wa mwanzo: je, herufi na nambari za trekta lako zimo? Kama hazimo, kirudishe.

Jambo la tatu ni kupima. Kitabu hueleza jinsi trekta lilivyotoka kiwandani. Hakijui lilivyotendwa baadaye. Huenda fundi wa zamani alichonga krenki ili kuondoa mikwaruzo. Desturi ni kuichonga kwa hatua: elfu 10 za inchi, au 20, au 30. Krenki iliyochongwa elfu 20 yataka beringi nene zaidi, zilizoundwa kwa krenki ya kiasi hicho. Ukiagiza beringi za kawaida, injini itagonga. Basi tumia kipimo cha vania au maikromita, nawe upime mara tatu mahali mbalimbali, maana silinda iliyochakaa si duara kamili tena.

Hata nati zina mambo yake. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa kanuni ya kukata hesi za bolti, na meno ya hesi zake yana pembe ya digrii 55. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana kanuni moja, ya digrii 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 katika kila inchi, na ile ya mapatano, ya meno makubwa, ina 13. Nati ya hii itaingia katika ile mizunguko miwili mitatu, kisha itakwama. Kijana mwenye nguvu ataongeza spana ndefu, na meno yatakatika. Ferguson, kwa kuwa asili yake ni mfano wa Marekani, lina bolti nyingi za Kimarekani ingawa liliundwa Uingereza. Nati ikikataa kwenda kwa vidole, usiilazimishe. Iulize kwanza ni ya kabila gani.

Jambo la nne ni kuvitafuta vipuri vyenyewe. Hapa nina habari njema. Si kila kitu ndani ya trekta ni cha trekta. Beringi za magurudumu na za giaboksi, mikanda, oili sili na mipira ya maji ni vitu vinavyotumika katika mashine za kila namna, navyo huuzwa kwa kipimo. Wanafunzi, chukueni kalamu. Beringi nyingi za gololi zimegongwa nambari kama 6205. Chukua tarakimu mbili za mwisho, yaani 05, uzidishe kwa 5, upate 25: hiyo ni milimeta 25, upana wa tundu la ndani. Beringi ya 6308 ina tundu la milimeta 40. Kanuni hii ni ya kweli tarakimu hizo zikianzia 04 na kuendelea. Oili sili nayo hutajwa kwa vipimo vitatu: unene wa mhimili, upana wa tundu, na unene wa sili yenyewe. Zikiwa kwa inchi, kumbuka inchi moja ni milimeta 25.4. Mtu mwenye vipimo hivyo aweza kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, akatafuta kitu chake bila hata kulitaja trekta.

Kwa sehemu zile ambazo ni za injini tu, tafuta ndugu za injini yako. Injini ya Standard ya milimeta 85 iliendesha pia gari la Standard Vanguard, na jamaa yake mwenye silinda za milimeta 83 aliendesha gari la Triumph TR2 la mwaka 1953. Magari hayo yana wapenzi wengi Uingereza mpaka leo, na kwa sababu yao viko viwanda vidogo vinavyoendelea kutengeneza slivu, gasketi na beringi. Lakini ndugu si pacha. Pistoni ya gari huenda ina kimo kingine. Linganisha nambari na vipimo kwanza, ndipo ununue.

Jambo la tano ni kujua kipi cha kutengenezwa nyumbani na kipi si cha kutengenezwa. Fundi wetu wa kijiji aweza kukata gasketi ya karatasi, kuchonga pini na kuunga walinzi wa magurudumu. Lakini usiwashe moto wa kuchomelea kwenye nguzo za usukani wala kwenye fimbo za breki kwa kubahatisha, maana hapo panakaa uhai wa watu. Tena vitambaa vya klachi na breki za zamani huwa na asbesto. Vumbi lake likipulizwa huingia mapafuni, na madhara yake hutokea baada ya miaka mingi. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, na kitambaa ukifukie. Na siku ya kulijaribu trekta, funga mzigo chini, mahali pake pa kuvutia, wala usiufunge juu ya ekseli. Ukivuta kwa juu, trekta huinua pua, likapinduka nyuma juu ya dereva, nalo halina paa la kumkinga.

Sasa nimalizie habari yetu. Baada ya kukisoma kibati na kupata kitabu, nilimwandikia yule muuza duka barua ya pili. Safari hii niliandika jina TE-P20, nambari ya kibati, nambari ya injini, kipimo cha silinda na nambari ya kipuri kutoka orodhani. Jibu lilikuja upesi, na vipuri vilivyofuata vilikuwa ndivyo. Pistoni za kwanza duka halikuzipokea tena, wala silaumu, maana walileta nilichoomba. Sehemu ya hasara ile niliilipa mimi katika mshahara wangu, kwa miezi kadhaa, kwa kuwa haikuwa haki kina mama walipie uvivu wa kalamu yangu.

Siku ya kuwasha, mzee fundi alikaa kitini, akakisukuma kijiti cha gia mpaka kwenye herufi S, ambapo ndipo stata ya trekta hili hufanya kazi. Likakohoa mara mbili, likatoa moshi, kisha likanguruma. Mama mwenyekiti hakupiga vigelegele kama wenzake. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la maji, akaliangalia kamba na pini zake, akasema, "Haya, twendeni mtoni kabla jua halijazama."

Zile pistoni nne za milimeta 80 ziko darasani kwangu mpaka leo. Kila mwaka walimu wanafunzi wapya huniuliza ni za nini, nami huwapa moja mkononi na kipimo cha vania, nikawaambia: "Pimeni kwanza, kisha niambieni." Kuuliza si ujinga, ndugu zangu, ujinga ni kuagiza kabla ya kuuliza. Kama liko trekta limelala kijijini kwenu, kesho asubuhi nendeni na kitambaa, mafuta ya taa kidogo, daftari na kalamu. Fedha ziacheni nyumbani kwanza. Kwa herini.